Kipimo cha Nyumba Tupu

Niliambiwa nitoke nyumbani kwangu asubuhi moja tu, nikashindwa. Sikuambiwa nivuke bahari wala nipande mkarafuu. Niliambiwa nifunge mlango, niende popote nipendapo, nirudi adhuhuri ikiadhiniwa. Mtoto wa chuoni angeweza. Miye, mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha Fomu Foo, nilifika mwisho wa kichochoro chetu hapa Jadida, Wete, nikawaona wanaume wamekaa barazani kwenye duka la kona wakicheza keram, nikafikiria salamu nitakazopaswa kutoa na maswali nitakayoulizwa, nikageuka. Niliingia kwa mlango wa uani kama mwizi wa kuku, nikakaa juu ya kigoda, mgongo ukutani, nikatulia tuli. Hoja yangu, naiandika hapa mcheke mara moja tumalize, ilikuwa hii: mashine ilitaka kupima nyumba isiyo na mtu, na miye nikitulia hakuna aliyewahi kuona tofauti.

Tofauti ilikuwepo, na iligharimu. Nimeikumbuka mwezi uliopita tulipomsomea hitma Bi Mize, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliyefia Unguja na akazikwa hukohuko. Mwanawe, Seif, alikuja kuifungua nyumba iliyokuwa imefungwa miaka, mikeka ikatandikwa, watu wakajaa. Nilikaa karibu na mlango, pahala pa mtu anayetaka kuwahi kuondoka, na mbele yangu, kwenye ukuta tunaochangia, ulikuwepo msumari mmoja na alama ya mraba ambapo chokaa ilikuwa nyeupe kuliko kwengine. Wenzangu walikuwa wakisoma. Midomo yangu nayo ilikuwa ikisoma, lakini macho yalibaki kwenye msumari. Msumari ule niliupigilia miye, na pale ndipo palipokuwa na kijisanduku kilichojaribu, mwaka ule wote, kumjua Bi Mize kwa pumzi zake.

Nyumba yake na yangu zamani ilikuwa nyumba moja. Warithi waliikata katikati kwa ukuta wa matofali, na matofali yakawaishia kabla hawajafika kwenye paa. Ukabaki uwazi chini ya mabati, kiasi cha mkono, na nadhani katika uwazi ule ndimo nilimoishi. Namna nilivyoangukia nusu ya pili ya nyumba ile, na kwa nini nilikaa peke yangu, si ya sura hii. Nilikuwa sijafika thelathini. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza chaja, redio na simu zilizotumbukia majini, na wateja walinipitishia vitu vyao dirishani, nami nikavirudisha dirishani. Kuna watu wa Wete waliokuwa wakinijua mikono tu. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, meza yenye waya nyingi kama utumbo, kigoda, na feni ambayo kila ikizunguka ililalamika. Niliridhika nacho. Mtu akiniuliza leo kama nilikuwa na furaha nitamwambia nilikuwa na feni.

Kupitia uwazi ule niliujua upande wa pili bila ya kuingia. Saa za chakula nilizijua kwa pua: asubuhi uji wa pilipili manga, mchana mchuzi wa pweza au shelisheli la nazi, na siku akikaanga samaki hata mashati yangu yalikuwa yananuka karamu ambayo sikualikwa. Kisha nikaalikwa. Bi Mize alikuwa akiniletea sahani iliyofunikwa kawa, akaipitisha kwenye ua wa makuti huko nyuma, mkono wake ukitokeza kwenye tundu kama wa mtu anayelisha mbuzi. Na kwetu sahani ya watu hairudi tupu. Hapo ndipo mtihani, maana mpishi miye siye. Nikaanza kurudisha na nilichonacho: ndimu mbili, sukari kidogo kwenye karatasi, siku moja kiberiti kizima.

"Kombo we!" nikamsikia juu ya ukuta. "Nimekupa pweza, wanipa kiberiti. Nimchome nani?"

"Utawashia jiko, Bi Mize."

"Jiko liliwashwa ndo pweza akaiva. Au wadhani nilimtia juani?"

Ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Kila baada ya sala ya alasiri alikuwa akitandika mkeka chini ya ukuta, akaegemeza mgongo, akashona kofia, na kabla ya kuanza aliita: "Kombo, kumo?" Kumo ni umo, ndivyo tusemavyo huku, na mtu wa Unguja akitusikia hucheka kabla ya kuelewa. Miye hujibu, "Nimo," nikasogeza kigoda kwenye ukuta upande wangu, bisibisi mkononi. Tukakaa hivyo mpaka magharibi, mgongo kwa mgongo, tofali katikati. Hatukuzungumza mambo makubwa. Choroko huloweshwa muda gani. Nani kaposa na nani kakataliwa. Kwa nini kuku wake mweusi anajiona ni mtu. Alikuwa akinisimanga bila kupumzika. Jina la Mtawa yeye ndiye aliyenipa, na mji ukalidaka. Kwetu mwenye kutawa ni mwanamke, tena wa zamani, wa kukaa ndani jua lisimwone. "Wanawake wa siku hizi washaacha kutawa," akisema, "Mungu akatuletea Kombo ili mila isipotee." Nilicheka. Siku nyingi sauti ile ndiyo pekee iliyonitaja jina.

Sasa Seif. Yeye aliondoka kwenda Maskati kabla miye sijahamia, kwa hiyo tulijuana kwa kusikiana, yaani miye nilimsikia. Bi Mize alizungumza na simu kwa spika, kwa sauti ya mtu anayemwita mtu shambani.

"Mama, ukianguka humo ndani nani atajua?"

"Mungu atajua."

"Baada ya Mungu?"

"Kombo."

"Kombo yupi?"

"Kombo wa ukutani."

Seif akarudi palepale: dada yake yuko Unguja, nyumba kubwa, wajukuu wamejaa, mama aende akakae kwa dada. Bi Mize akarudi palepale: atatoka Jadida akibebwa. Wakavutana mpaka Seif akaja na sharti. Kulikuwa na mradi wa chuo kimoja, wanajaribu vijisanduku kwenye nyumba za wazee wanaokaa peke yao, havina kamera, havirekodi sauti, vinajua tu kama mtu yumo na kama anakwenda na kurudi. Vikifanya kazi sawasawa, simu yake Maskati itamwambia mama yumo na ni mzima, na mama atabaki Wete. Vikishindwa, anakuja kumchukua. Nilisikia sharti lile nikiwa na kijiko mdomoni, na nakumbuka nilikitoa polepole. Bi Mize akienda, nani ataniita kumo?

Akaja Salma, msichana wa Unguja, mhandisi, miwani mikubwa na mtandio uliokuwa ukimteleza kila akiinama kwenye kompyuta yake. Alikaa uani kwa Bi Mize akaeleza, na Bi Mize akaniita nitokeze kichwa tundu la ua nisikie, maana "wewe ndiye mwenye Fomu Foo." Salma alisema vile vijisanduku viwili ni kama waifai ya kawaida: kimoja kinatoa mawimbi, cha pili kinayapokea. Mawimbi yanajaa chumbani kama maji kwenye pipa. Ukipita, yanatikisika. Hata ukikaa, kifua kikipanda na kushuka, yanatikisika kidogo sana, na kidogo hicho kinaweza kupimwa. Tabu ni kwamba si mtu peke yake anayeyatikisa. Pazia linayatikisa, feni inayatikisa, mabati yakipigwa na upepo yanayatikisa. Na mawimbi hayajui mirathi: yanapita ukutani, kwa hiyo jirani akikohoa naye yumo kwenye kipimo.

"Basi Kombo yumo," akasema Bi Mize. "Huyo hatoki."

Salma akanitazama kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa akikitafuta. "Kaka Kombo, huwa hutoki kabisa?"

"Natoka Ijumaa," nikasema kwa kujitetea.

"Ijumaa anatoka," Bi Mize akathibitisha. "Akirudi, hutazama nyuma kama kuna mtu kamfuata."

Hivyo nikapata kazi kwenye mradi kwa sifa yangu pekee. Alihitaji mtu wa kukaa. Wiki zile chumba cha mbele cha Bi Mize kikawa karakana. Vijisanduku tulivipandisha karibu na mabati, tukavishusha, maana mabati yalirudisha mawimbi kama kikombe kinavyorudisha sauti. Tukavisogeza mbali na kitanda chake, nacho cha chuma kama changu. Pazia likafungwa kwa kamba. Kuku mweusi akahamishwa uani, akagoma kula siku nzima. Kilichofaa ni kuviweka usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, kimoja ukutani kwenye msumari wangu, cha pili juu ya kabati mkabala. Nami nikaambiwa nikae kwenye mkeka nivute pumzi, nitoe, nizuie, nivute tena, Salma uani akitazama kompyuta, Bi Mize kizingitini kwa ajili ya heshima na kwa ajili ya kunicheka.

"Mwasema Kombo kapata kazi?" alikuwa akiwaambia wapita njia. "Kapata. Anapumua. Na bado anakosea, anaambiwa arudie."

Kisha ikaja siku ya kipimo cha nyumba tupu. Salma alitueleza kwa uzito kuliko siku zote. Mashine haiwezi kujua mtu yupo kama haijajua kwanza nyumba ilivyo wakati mtu hayupo. Utupu ndio mzani wenyewe. Ukiharibika, kila kitakachopimwa baadaye kitakosewa. Kwa hiyo Bi Mize ataondoka, na miye nitaondoka, na mashine zitaachwa zisikilize nyumba mbili zisizo na mtu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Bi Mize alikuwa na harusi ya mjukuu wa nduguye Pujini. Alipita dirishani kwangu kanukia udi, buibui jipya, akagonga kioo. "Ukatembee, Kombo. Watu hawaumi." Nami nilitembea. Mpaka kona. Yaliyobaki nimekwisha kuyasema: baraza, keram, kigoda. Nilikaa na mgongo kwenye ukuta kama kila siku, ila safari hii upande wa pili hapakuwa na mtu, na nakumbuka nilikaribia kusema "Nimo" bila ya kuulizwa.

Matokeo yake yalikuja kidogo kidogo. Bi Mize akitembea, mashine ilimwona. Akipika, ilimwona. Lakini alasiri, akikaa chini ya ukuta kushona, mwili umetulia na vidole tu ndivyo vinavyokwenda, mashine ilipima, ikalinganisha na utupu iliofundishwa, ikakuta ni sawa. Pumzi za kwenye ukuta ule? Ndiyo nyumba tupu hiyo. Simu ya Maskati ikaandikiwa kwamba hakuna aliyetoka na ndani hamna mtu. Seif akapiga simu ya mama, na simu ya mama ilikuwa imezimika chaji mezani kwangu. Akawapigia watu wa dukani. Nilisikia miguu ikikimbia kichochoroni, nikasikia mlango wa jirani ukipigwa kwa ngumi, sauti za wanaume, kisha komeo.

"Kuna msiba wa nani?" akauliza Bi Mize.

"Wako, Bi Mize," akajibu mmoja akihema. "Mashine imesema humo."

"Nimo! Au nikuoneshe kitambulisho?"

Walicheka, wakanywa chai, wakaondoka. Lakini jioni Seif hakucheka kwenye spika. Alisema mara moja tu tena. Mashine ikikosea mara nyingine, anapanda ndege. Bi Mize hakumjibu kwa mzaha, na hilo ndilo lililonitisha. Alizima simu, akaniambia juu ya ukuta, kwa sauti ndogo, "Wanangu watanipeleka nikafe kwenye nyumba ya vigae, Kombo." Miye nikakaza skrubu iliyokuwa imekwisha kukazwa.

Salma alirudi, akatafuta kosa kila pahala isipokuwa lilipo. Alibadilisha waya. Alilituhumu friji la nyumba ya nyuma. Kwa vile ulikuwa msimu, na Bi Mize alikuwa ameingiza magunia ya karafuu ndani kukimbia mvua, alisema huenda unyevu wa karafuu unameza mawimbi, akayatoa magunia yote uani akayafunika turubali, mikono ikamnuka siku mbili. Nilimsaidia kubeba. Nilibeba gunia baada ya gunia, najua tatizo ni lipi, na kila nilipofungua mdomo nikasema, "Hili zito." Mwisho akakaa juu ya gunia, kavua miwani, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Kaka Kombo, siku ile ya nyumba tupu, ulitoka?"

"Nilitoka."

"Ukaenda wapi?"

"Konani."

"Ukarudi saa ngapi?"

Nikavuta turubali likae sawa. Bi Mize, kizingitini, aliacha kushona. Nilingoja matusi. Badala yake akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka. "Kumbe hivyo! Mashine imefunzwa Kombo ni ukuta!" Salma naye akacheka, kisha akaweka miwani yake akanitazama bila ya kucheka. "Kaka, mama huyu nusura aondoke kwa sababu yako." Nilisema najua. Ndilo neno pekee la kweli nililolitoa wiki ile.

Kipimo kikarudiwa. Safari hii Bi Mize alinitoa mwenyewe, akanifungia mlango, akachukua ufunguo, akauingiza kifuani ambako hakuna mwanamume angeufuata. Naye akaenda zake kwa shoga yake. Nikapita mbele ya baraza lile. "Mtawa katoka! Kuna kupatwa kwa jua?" Nikatabasamu kwa meno yote, nikapita. Nikaenda sokoni, nikaangalia samaki wa watu. Nikateremka bandarini, nikakaa kwenye kibanda cha chai, nikaagiza chai na mkate wa mofa, nikala polepole ili nipate haki ya kukaa. Watu walipita wakasalimiana, wakakumbushana miadi, mmoja akamrushia mwenzake chungwa bila ya kumwangalia, na mwenzake akalidaka bila ya kuangalia. Nililitazama lile chungwa kuliko nilivyowahi kutazama kitu. Hakuna aliyenikera. Hakuna aliyeniuliza maswali niliyokuwa nikiyaogopa tangu utotoni. Mwenye kibanda alipokea kikombe akapangusa meza pale nilipokuwa, nami nikiwa bado nimekaa.

Nilirudi baada ya adhuhuri. Salma alinionesha kwenye kompyuta: mstari mmoja, umenyooka, kama uzi uliovutwa. "Hii ndiyo nyumba tupu ya kweli," akasema, amefurahi. "Tazama ulivyo safi." Nilitazama. Ilikuwa nyumba yangu bila ya miye ndani yake, na haikuwa na upungufu wowote. Kisha akamkalisha Bi Mize mahali pake, na mstari ukaanza kupanda na kushuka, vilima vidogo vidogo, kimoja kikifuata kingine. "Pumzi zako hizo, Bi Mize." Bi Mize akainama kuangalia, akatia kidole kwenye kioo. "Ala. Ndo nilivyo?" Akazuia pumzi, vilima vikalala, akaachia, vikainuka. Akafanya tena na tena kama mtoto na swichi ya taa.

Kilibaki kipimo kimoja. Miye nikae kwangu peke yangu, Bi Mize asiwepo, ili mashine inijue na miye, nikoje nikipita, nikoje nikikaa. Nilidhani napewa heshima. "Ikishakujua," Salma alifafanua, akikunja waya zake, "itakuwa inakutoa. Kila kinachotoka upande wako inakifuta, abaki yeye tu. Ndipo kipimo kinakuwa sahihi." Nikasema hewala. Kazi ilikuwa nzuri na naikiri hata leo. Tangu siku ile mashine haikukosea tena. Akiamka ilijua, akikaa ilijua, akilala ilijua. Seif akatulia. Karafuu zikakauka, zikauzwa, mvua ikapita, Salma akaaga na zawadi ya halua. Na kila alasiri: "Kombo, kumo?" "Nimo." Nikajiona nimemwokoa mtu. Nilianza hata kurudisha sahani na vitu vya maana. Mara moja nilipika kachori. Bi Mize alisema zingefaa kujengea ukuta ufike kwenye paa.

Nililolisahau ni kwamba kipimo sahihi kinasomwa na mtu. Maskati, Seif alikuwa akiangalia simu yake kila jioni, na kila jioni ilimwonesha jambo moja: mama yake, tangu alasiri mpaka magharibi, peke yake, pahala pamoja, hasimami, haendi. Kila siku. Miye nilikuwa nimefutwa, kama ilivyotakiwa. Akaingiwa na hofu ambayo mtoto yeyote angeingiwa nayo. Hakupiga simu. Alikuja.

Nilisikia teksi, begi likiburutwa kizingitini, vilio vya furaha, kuku akifukuzwa. Kisha vikombe vya kahawa. Nilikuwa kwenye kigoda changu, ni wakati wetu ule, alasiri. Sauti ya Seif ilikuwa nzito kuliko ya kwenye spika, na ya upole zaidi.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Kila siku umekaa hapo tu. Masaa. Huinuki hata kunywa maji. Nimemuuliza daktari, kasema si dalili njema."

"Nashona, Seif. Nazungumza."

"Na nani?"

"Na Kombo."

"Kombo wa ukutani."

"Huyo."

"Mbona hajatoka hata kunipa mkono? Nimeingia mtaa mzima umenisalimia."

"Haya, huamini," akasema Bi Mize, na nikausikia mgongo wake ukiegemea tofali, palepale nyuma ya wangu. Akaita, kwa sauti ileile ya kila siku. "Kombo, kumo?"

Jibu lilikuwa neno moja, na nilikuwa nimelitoa mwaka mzima bila ya kufikiri. Lakini nikilitoa sasa itabidi nitoke. Itabidi nimpe mkono mwanamume kutoka Maskati, nimweleze kwa nini kijana mzima anaacha mabaraza ya wenzake akakaa kila jioni akisikiliza namna ya kulowesha choroko. Nilimwona akinitazama kabla sijamwona. Nikajiambia ataita mara ya pili, na mara ya pili nitaitika.

"Kombo?" Mara ya pili. "Kombo we, kumo?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi, na niliishika isigonge meza. Nilivuta pumzi kidogo, nikaitoa kidogo, kama nilivyofunzwa.

"Basi, mama," nikamsikia Seif akisema taratibu sana. "Basi. Yaishe."

Siku ya hitma, watu walipokwisha kula na kutawanyika, Seif ndiye aliyenifuata pale mlangoni. Amekuwa mtu wa makamo sasa, mvi zimemkolea. Aliniuliza miye ni nani, nikasema ni jirani, wa ukuta huu. "Kombo?" Nikaitika. Akautazama ukuta, akatazama uwazi ulio juu yake, mwanga wa upande wangu ukiingia. "Miye nilijua mama kaanza kusema na ukuta," akasema. "Ndo kilichoniamulia. Ulikuwepo?" Nikamwambia nilikuwepo. Hakunilaumu. Alinishika bega, akasema mama alikula vizuri kule Unguja, na kwamba alasiri alikuwa akiegemea ukuta wa sebule, akaita kidogo, kisha akaendelea kushona.

Asubuhi aliyoondoka Bi Mize kwenda Unguja, mwaka ule, teksi ilikuwa imekwisha kuwasha moto. Mlango wangu wa mbele ukagongwa, si dirisha, wala si tundu la ua. Nikafungua. Mwaka mzima na ushei wa kuzungumza, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza tunasimama uso kwa uso bila ya Salma wala magunia kati yetu. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Buibui lile la harusi ya Pujini, udi uleule.

"Sahani yangu," akasema.

Nilikuwa nayo tangu siku ile Seif alipofika. Sikuirudisha kwa sababu sikupata cha kutia ndani yake. Nikaingia, nikaichukua mezani katikati ya waya, nikampa. Aliitazama ilivyo tupu, akanitazama miye, kisha akatazama juu ya bega langu chumbani, kitanda, feni, kigoda kilichobanana na ukuta, kwa utulivu wa mtu anayesoma kipimo. Nilifungua mdomo nimwambie. Seif akapiga honi. Bi Mize akaitia sahani kwapani.

"Ile mashine haikukosea siku ile ya nyumba tupu, yakhe," akasema. "Humu ndani hamna mtu."